Yoti ya Mtu Mmoja Ipimwe kwa Mtu Aliyechoka

Anayetafuta yoti iliyotumika ili asafiri baharini peke yake kwa kawaida huuliza urefu wake kwanza, kisha umri, kisha bei. Ni maswali halali, ila kuna moja linalopaswa kuyatangulia: katika chombo hiki kazi nzito kuliko zote ni ipi, na je, mtu ambaye hajalala vizuri kwa siku mbili ataiweza saa tisa usiku, mvua ikimpiga na chombo kikienda mrama? Wenye kundi hununua mashua kwa kuhesabu mikono iliyopo. Anayesafiri peke yake hana budi kununua kwa kipimo cha saa yake mbaya kuliko zote. Ukikubali kipimo hicho, na mfuko wako ukiwa wa kawaida, utajikuta kwenye mashua ya mita 7.5 hadi 10, nyembamba, yenye mkuku mrefu na mzito, na aghalabu iliyobuniwa kabla ya 1980.

Hesabu ya ukubwa ni kali kuliko inavyodhaniwa. Mashua mbili za umbo moja, ya mita 8 na ya mita 10, hazipitani kwa robo tu. Uzito hufuata ujazo, kwa hiyo ile kubwa ni nzito karibu mara mbili, na eneo la matanga yake linazidi kwa zaidi ya nusu. Nanga, mnyororo na nguvu ya kuvuta kamba upepo unapokaza vyote hupanda, ilhali mikono ya nahodha ni ileile. Blondie Hasler, Mwingereza aliyetoa wazo la mashindano ya kuvuka Atlantiki mtu mmoja mmoja, alilielewa hili mapema. Mwaka 1960 alishiriki mashindano hayo, kutoka Plymouth hadi New York, kwa Jester, mashua ya aina ya Folkboat yenye urefu wa mita 7.7 hivi. Badala ya matanga ya kawaida aliweka tanga moja la Kichina lenye mbavu, linalopunguzwa kwa kulegeza kamba, na kamba zote zikaishia kwenye tundu la katikati ya sitaha. Upepo ukichafuka, alitoa kichwa na mikono tu. Alifika wa pili kwa siku 48, nyuma ya Francis Chichester aliyetumia siku 40 katika mashua ya karibu mita 12. Kwa mshindani, siku 8 ni nyingi. Kwa anayetembea bahari kwa raha zake, ni haki kuuliza zinanunuliwa kwa jasho kiasi gani.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka kwenye msiba. Agosti 1979 dhoruba ilizikuta mashua 303 za mashindano ya Fastnet kati ya Uingereza na Ayalandi. Washindani 15 walikufa, na mashua 24 zilihamwa na mabaharia wao. Katika hizo 24 ni 5 tu zilizozama. 19 zilipatikana baadaye zikiwa bado zinaelea. Kwa maneno mengine, mara nyingi watu walikwisha kabla ya chombo. Hata hivyo vyombo navyo havikuwa sawa. Katika daraja la mashua ndogo kuliko zote ni moja tu iliyomaliza safari, Assent, ya aina ya Contessa 32: nyembamba, nzito chini, ya umbo lililoonekana limepitwa na wakati hata siku hizo. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba Contessa 32 huendelea kujiinua hata ikilazwa zaidi ya digrii 150, yaani karibu kichwa chini, wakati mashua pana na nyepesi za mashindano za enzi hiyo ziliipoteza nguvu hiyo mapema mno, hivyo ziliweza kubaki zimepinduka.

Baada ya msiba huo Wamarekani walitoa kanuni ambayo mnunuzi anaweza kuifanyia hesabu mezani. Chukua uzito wa mashua kwa tani, ugawe kwa 1.025 upate mita za ujazo za maji ya bahari inayoyasukuma. Tafuta kipeuo cha tatu cha jibu hilo, kisha ugawe upana wa mashua kwa mita kwa namba uliyoipata. Jibu likizidi 2, chombo kinatiliwa shaka kwa bahari kuu. Contessa 26, yenye tani 2.45 na upana wa mita 2.29, inapata 1.7, Albin Vega ya Sweden, yenye tani 2.3 na upana wa mita 2.46, inapata 1.9. Kanuni hii ni butu, kwa sababu haijui uzito umekaa juu au chini, lakini inatosha kumwepusha mtu na matangazo ya picha nzuri. Isitoshe, Tania Aebi aliondoka New York mwaka 1985 akiwa na miaka 18 katika Contessa 26 akaizunguka dunia, na Matt Rutherford aliyazunguka mabara mawili ya Amerika bila kutia nanga bandarini, siku 309, katika Vega iliyokwishatumika miaka mingi.

Wapo watakaosema mashua kubwa ni salama zaidi, na hoja yao ina msingi. Majaribio ya matangi ya mawimbi yalionyesha kuwa wimbi linalovunjika lenye kimo cha karibu asilimia 30 ya urefu wa mashua linaweza kuipindua likiikuta ubavu. Kwa mita 8 hilo ni wimbi la mita 2.4, kwa mita 12 ni mita 3.6. Tofauti hiyo ni kubwa, lakini dhoruba ya bahari kuu haiishii mita 3.6. Katika mashindano ya Golden Globe ya 2018, ya kuizunguka dunia mtu mmoja mmoja, yaliyoruhusu mashua za kati ya mita 9.8 na 11, za mkuku mrefu, zilizoimarishwa kwa gharama, kadhaa zilipinduliwa na kuvunjika milingoti katika bahari ya kusini. Mita za ziada hununua nafasi, haziondoi hatari. Kinachoamua ni kama wimbi linaikuta mashua ubavu, na hilo hutegemea mtu aliyepunguza tanga mapema kwa sababu kazi ilikuwa nyepesi, si aliyengoja kwa kuiogopa. Na winchi za umeme za kurahisisha kazi kwenye mashua kubwa? Zinafaa hadi betri ikate, na betri hukata zaidi siku ya dhoruba.

Jambo ambalo wanunuzi hulipa uzito mdogo mno ni chombo kushika njia chenyewe. Joshua Slocum, wa kwanza kuizunguka dunia peke yake, kati ya 1895 na 1898, alitumia Spray, mashua kuukuu ya kuvulia chaza aliyoiunda upya, yenye urefu wa mita 11 na ushei. Ni kubwa kuliko ninavyopendekeza, lakini aliiweza kwa sababu ilikuwa inafuata njia kwa muda mrefu usukani umefungwa, naye akalala. Kwa hiyo mashua ndogo iliyokwisha kufungwa usukani wa upepo, unaoshika njia wenyewe, ni bora kuliko kubwa yenye rada na skrini nyingi.

Ukikuta umbo sahihi, kagua visivyobadilishika. Injini, matanga na nyaya za mlingoti hununuliwa upya. Nyaya zenye zaidi ya miaka 15 zihesabiwe tayari kwenye bei. Mwili, sitaha na mahali mkuku unapoungana na mwili ni habari nyingine. Yoti ya Cheeki Rafiki ilipoteza mkuku wake Atlantiki mwaka 2014, watu wanne wakafa, na wachunguzi wa Uingereza waliona kwamba huenda kukwama kwake huko nyuma na matengenezo yaliyofuata yalikuwa yamedhoofisha maungio. Inua mbao za sakafu, mulika tochi, tafuta nyufa na michirizi ya kutu kuzunguka bolti. Gonga sitaha kwa mpini wa bisibisi kila kiganja: mlio mkavu ni mzima, mlio mfu karibu na vishikio vya nyaya maana yake maji yameingia na mbao ya ndani imeoza. Katika pwani yetu, maji ya bamvu yanapopwa zaidi ya mita 3, mashua ya mkuku mrefu hutiwa magadi kama jahazi, na mnunuzi ana saa kadhaa za kuikagua bila kukodi kreni.

Kisha, kwenye safari ya majaribio, muuzaji akae ndani asiguse kitu, mnunuzi apandishe tanga, alipunguze, atupe nanga na kuing'oa peke yake. Akishindwa nanga, aulize kama winchi ya mkono inaweza kufungwa omo. Mashua nyingine za miaka ya 1960 hazina nafasi wala uimara wa kuishikilia, na hapo itabidi kutafuta nyingine.