Beseni Huingia, Aliyelibeba Hubaki Nje

Katika vijiji vya Nachingwea na Ruangwa, mjamzito aliyeshikwa na uchungu haendi hospitali peke yake. Huandamana na mama yake mzazi, shangazi au dada, aliyebeba beseni lenye kanga na sabuni. Hata hivyo, katika vituo vingi nchini, safari hiyo ya pamoja hukomea mlangoni pa chumba cha kujifungulia. Beseni huingia, aliyelibeba hubaki nje.

Sababu zitolewazo na wahudumu si za kupuuzwa. Vitanda husongamana bila mapazia, na ndugu wa mzazi mmoja huwa mgeni machoni pa mwingine. Wapo pia ndugu wanaoleta dawa za mitishamba kwa siri. Lakini hofu hizi huondolewa na pazia na maelezo ya dakika chache, si na kufuli.

Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2017, yaliyojumuisha zaidi ya wanawake 15,000, yalionesha kwamba mzazi anayetegemezwa mfululizo ana nafasi kubwa zaidi ya kujifungua kwa njia ya kawaida, na uchungu wake huwa mfupi zaidi. Mwaka uliofuata, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mwanamke awe na mwenza amchaguaye mwenyewe. Hapa nchini, mpango huo umekwisha kujaribiwa katika baadhi ya vituo vya mkoa wa Kigoma.

Mwenza hashiki kazi ya mkunga. Humsugua mzazi mgongo, humpa maji, humtembeza. Tena ni jicho la ziada: pale mkunga mmoja anapohudumia wazazi kadhaa, kanga ikilowa damu kupita kiasi baada ya mtoto kuzaliwa, aliyeketi kando ya kitanda ndiye awezaye kupaza sauti mapema. Kutokwa na damu baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wazazi, na hakusubiri zamu.

Wilaya hizi mbili zilikuwamo katika mradi wa INSIST wa Taasisi ya Afya Ifakara, ambao wahudumu wake wa kujitolea waliwatembelea wajawazito majumbani na kuwahimiza wajifungulie vituoni. Ni vigumu kumhimiza mwanamke aache nyumba iliyojaa jamaa ili akalale peke yake.

Uchaguzi ni wa mzazi, si wa mume wala mama mkwe. Naye asiyetaka mtu aheshimiwe. Swali hilo huulizwa vyema kliniki, uchungu ukiwa bado mbali: “Mama, siku hiyo ungependa uwe na nani?”