Je, Wajua? Bado Mtu Mmoja Tu, Tubebe Kombe

Hakuna shabiki wa mpira wa kikapu asiyewahi kuapa kwamba timu yake imepungukiwa mtu mmoja tu. Tukipata senta, watatukoma! Wenye timu za NBA kule Marekani huapa vivyo hivyo, ila wao wana dola za kujaribia. Mara nyingine huwa kweli. Mara nyingine, loo!

Mtu mmoja, moja ya sita ya jasho

Mechi ya NBA ni ya dakika 48, na kila timu huwa na watu watano uwanjani. Zidisha: ni dakika 240 za kugawana. Nyota anayecheza dakika 40 amebeba moja ya sita ya kazi yote, ilhali kwenye soka hata asiyetolewa kabisa hubeba moja ya kumi na moja. Tena wa kikapu hukaba na kushambulia kila baada ya sekunde chache. Hapati nafasi ya kusimama pembeni akisubiri krosi.

Ndiyo maana hulipwa kifalme. Msimu wa 2024-25 kikomo cha mishahara ya timu kilikuwa dola milioni 140.6, na mkongwe aliyetimiza miaka 10 kwenye ligi aliruhusiwa mkataba mpya unaoanzia hadi asilimia 35 ya fedha hiyo: dola milioni 49 na ushee kwa mwaka. Kikomo chenyewe kina mianya na timu nyingi hukipita, lakini ukishampa mmoja zaidi ya theluthi, waliobaki itabidi wabanane.

Kutoka mkiani hadi ubingwa kwa mwaka mmoja

Msimu wa 2006-07 Boston Celtics walishinda mechi 24 na kupoteza 58, zikiwemo 18 mfululizo. Msimu uliofuata wakashinda 66 na kupoteza 16, kisha wakatwaa ubingwa wa 2008. Hakuna timu nyingine ya NBA iliyowahi kupanda kwa ushindi 42 ndani ya msimu mmoja.

Sifa zilimwendea Kevin Garnett, aliyetoka Minnesota mwishoni mwa Julai 2007. Ili kumpata, Boston walitoa wachezaji watano pamoja na haki mbili za kuchagua chipukizi wa raundi ya kwanza. Saba kwa mmoja! Lakini tazama vizuri: Paul Pierce alikuwa pale tangu 1998 akisubiri wa kumsaidia, na mwezi mmoja kabla ya Garnett alikuwa ameshaletwa Ray Allen kutoka Seattle. Wafungaji walikuwepo. Garnett alileta ukabaji, akabeba tuzo ya mkabaji bora wa msimu, na katika mechi ya mwisho ya fainali Los Angeles Lakers wakachapwa 131-92. Pointi 39, kwenye fainali, jamani.

Garnett yuleyule, hasara kwa aliyefuata

Mwaka 2013 Brooklyn Nets nao waliona wamebakiza kidogo. Wakawachukua Garnett na Pierce kutoka Boston, mmoja ana miaka 37 na mwingine anakaribia 36. Bei yake: haki za kuchagua chipukizi wa raundi ya kwanza wa 2014, 2016 na 2018, pamoja na ruhusa ya kubadilishana zamu ya 2017.

Brooklyn walivuka raundi moja tu ya mtoano wakiwa na wazee hao. Boston, kwa zamu ya 2016, wakamchukua Jaylen Brown. Ile ya 2017 iliwawezesha kumpata Jayson Tatum. Vijana hao wawili ndio waliowapa Boston kombe la 2024, na Brown akawa mchezaji bora wa fainali. Kwa hiyo Garnett aliwaletea Boston ubingwa mmoja kwa kuja, na akawachangia wa pili kwa kuondoka.

Jordan aliondoka, timu ikapungukiwa ushindi mara mbili tu

Michael Jordan alipostaafu Oktoba 1993, wengi walitarajia Chicago Bulls izame. Ilishuka kutoka ushindi 57 hadi 55. Ndiyo, tofauti ya mechi mbili! Linganisha na Cleveland: LeBron James alipohamia Miami mwaka 2010, timu ilianguka kutoka ushindi 61 hadi 19, na katikati ya msimu ikapoteza mechi 26 mfululizo.

Tofauti haikuwa ukubwa wa nyota. Jordan alimwacha Scottie Pippen, ambaye msimu huo alishika nafasi ya tatu katika kura za mchezaji bora wa ligi, na kocha Phil Jackson bado alikuwa benchi. Cleveland ilikuwa imejengwa kumzunguka LeBron, na mwaka huohuo ikabadilisha kocha. Ukiing'oa nguzo, paa litaning'inia wapi?

Tamu zaidi ni hii. Jordan alirudi Machi 1995, na miezi miwili baadaye Orlando wakamtoa kwenye mtoano. Hata yeye alipungukiwa mtu! Oktoba mwaka huo Chicago walimtoa Will Perdue, senta wa benchi, wakamchukua Dennis Rodman, bwana wa nywele za rangi zote na ribaundi kedekede. Msimu ulioanza hapo uliisha kwa ushindi 72 na vipigo 10, na makombe matatu yakafuatana. Sina hakika kama kuna biashara nyingine ya mtu kwa mtu iliyolipa namna hiyo.

Mtanzania ndani ya biashara iliyoamsha Memphis

Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa sentimita 221, ni mtu wa kuinama kwenye karibu kila mlango wa nyumba zetu. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchagua wa pili katika drafti, yaani uchaguzi mzima wa chipukizi wa NBA, akawa Mtanzania wa kwanza kwenye ligi hiyo. Aliyechaguliwa wa tatu ni James Harden. Wa saba ni Stephen Curry.

Memphis waliamini wamepata ukuta wa kukamilisha timu. Haikutimia, na Februari 2011 wakampeleka Houston pamoja na DeMarre Carroll na haki ya kuchagua chipukizi mmoja, ili wampate Shane Battier, mtu wa miaka 32 ambaye takwimu zake hazingemshtua yeyote. Mwandishi Michael Lewis alikuwa ameshaandika makala ndefu kumhusu mwaka 2009, akieleza jinsi timu inavyokuwa bora Battier akiwa uwanjani ingawa kwenye karatasi haonekani.

Hadi hapo Memphis walikuwa wamecheza mechi 12 za mtoano katika historia yao yote na kupoteza zote 12. Aprili 2011 wakaenda San Antonio, kwa vinara wa kanda, wao wenyewe wakiwa wameingia kwa nafasi ya nane, ya mwisho. Zikiwa zimebaki kama sekunde 24, nani akatupa mpira wa pointi tatu uliowapa uongozi? Battier. Memphis 101, San Antonio 98. Mwisho wa raundi hiyo vinara walikuwa nje kwa mechi 4-2. Kumbe aliyekosekana hakuwa jitu la kuziba goli. Alikuwa fundi wa kukaba kimya kimya.

Bingwa aliyeshinda mechi chache kuliko mwaka wa kukosa

Toronto Raptors wa Kanada walishinda mechi 59 msimu wa 2017-18, kisha wakatolewa 4-0 na Cleveland ya LeBron. Mwaka uliofuata walishinda 58, moja pungufu, wakawa mabingwa.

Kati ya misimu hiyo miwili, mkuu wa timu, Masai Ujiri, mtoto wa baba Mnigeria na mama Mkenya, alimfukuza kocha Dwane Casey, ambaye baadaye kidogo alitangazwa kocha bora wa mwaka. Kisha akamtoa DeMar DeRozan, kipenzi cha jiji, akamleta Kawhi Leonard, ambaye alikuwa amecheza mechi tisa tu msimu mzima kwa sababu ya majeraha na alibakiza mwaka mmoja kuwa huru kuondoka. Kamari tupu!

Leonard alicheza mechi 60 kati ya 82, akihifadhiwa kama nguo ya Idi. Halafu ukaja mtoano. Mei 12, 2019, mechi ya saba dhidi ya Philadelphia, pointi 90 kwa 90, akatupa kutoka kona ya kulia huku kengele ya mwisho ikilia. Mpira uligonga chuma cha goli mara nne, mara nne nzima, kisha ukazama. Kombe likaenda nje ya Marekani kwa mara ya kwanza katika historia ya NBA. Julai hiyohiyo Leonard akafungasha virago kwenda Los Angeles Clippers, wala hakuna aliyemdai kitu Toronto.

Jitu la Kinshasa lilipokutana na jitu zaidi

Februari 2001 Philadelphia 76ers walikuwa kinara wa kanda yao, lakini walijua kwamba fainalini huenda wangemkuta Shaquille O'Neal wa Lakers. Wakamchukua Dikembe Mutombo wa Kongo, sentimita 218, yule aliyetikisa kidole kila alipozuia mtupo. Msimu huo alitwaa tuzo ya mkabaji bora kwa mara ya nne.

Walifika fainali, ya kwanza kwao tangu 1983. Mechi ya kwanza Allen Iverson akafunga pointi 48, Lakers wakalala nyumbani kwao. Huo ndio ukawa mchezo pekee waliopoteza Lakers katika mtoano mzima: ushindi 15, kipigo kimoja. O'Neal alifunga wastani wa pointi 33 dhidi ya mkabaji bora duniani. Mtu mmoja aliyekosekana alipatikana. Bahati mbaya upande wa pili alikuwepo mtu mmoja asiyekabika. Mutombo, aliyefariki Septemba 2024, aliacha Kinshasa hospitali aliyoijenga kwa jina la mama yake, iliyofunguliwa 2007.

Kipande kilekile, makombe mawili

Jrue Holiday alikamilisha timu mbili tofauti, na katika misimu yote miwili hakuitwa hata kwenye mechi ya nyota. Novemba 2020 alijiunga na Milwaukee Bucks; Julai 2021 wakawa mabingwa, baada ya yeye kumpokonya Devin Booker mpira katika sekunde za mwisho za mechi ya tano na kuurusha hewani Giannis Antetokounmpo autumbukize golini.

Septemba 2023 Milwaukee walimtoa Holiday ili wampate mfungaji hatari zaidi, Damian Lillard wa Portland. Siku chache baadaye Portland wakampeleka Holiday Boston, na Boston wakabeba kombe la 2024. Milwaukee na Lillard, huku majeraha yakiwaandama, walitolewa raundi ya kwanza mara mbili mfululizo na timu ileile, Indiana.

Rapa naye alijaribu

Ligi ya Afrika ya mpira wa kikapu, BAL, ilipozinduliwa Kigali Mei 2021, Patriots wa Rwanda walimsajili J. Cole, mwanamuziki wa Marekani. Alicheza mechi tatu, akafunga pointi tano, akarudi kwao. Patriots walimaliza wa nne. Majina makubwa hujaza magazeti upesi kuliko yanavyojaza goli.

Shilingi iliyorushwa 1969 bado inawauma Phoenix

Mwaka 1969 timu mbili changa zilizoburuta mkia, Milwaukee na Phoenix, zilirushiwa shilingi kuamua nani achague chipukizi wa kwanza. Kila mtu alijua zawadi ni nani: Lew Alcindor, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Kareem Abdul-Jabbar. Phoenix waliwauliza mashabiki wao kupitia gazeti, mashabiki wakasema kichwa. Shilingi ikaangukia upande wa pili.

Milwaukee wakapanda kutoka ushindi 27 hadi 56 kwa kijana mmoja. Mwaka uliofuata wakamwongeza Oscar Robertson, gwiji aliyekaa Cincinnati miaka 10 bila kombe, wakashinda 66 na kutwaa ubingwa wa 1971 kwa kuifuta Baltimore 4-0. Timu ilikuwa na misimu mitatu tu tangu izaliwe.

Phoenix je? Mwaka 2021 walifika fainali, wakaongoza 2-0, kisha wakapoteza mechi nne mfululizo. Mpinzani: Milwaukee haohao, na katika mechi ya mwisho Antetokounmpo alifunga pointi 50. Februari 2023 Phoenix wakaona sasa kweli wamebakiza mtu mmoja, wakamnunua Kevin Durant kwa wachezaji kadhaa na haki nne za raundi ya kwanza. Mwaka huo walitolewa raundi ya pili. Uliofuata wakafagiliwa 4-0 na Minnesota. Wa 2024-25 wakashinda mechi 36, wakapoteza 46, mtoano wakautazama kwenye televisheni, na Durant akauzwa Houston.

Phoenix waliingia NBA mwaka 1968. Wamecheza fainali za 1976, 1993 na 2021, na hadi msimu wa 2024-25 ulipofungwa hawakuwa na kombe hata moja.