Kununua Vyombo vya Kazi Vilivyotumika



Fundi wa kiwanda cha kahawa au kibarua wa shamba akitaka spana au jembe lake mwenyewe, mara nyingi mshahara haumfikishi dukani. Huenda soko la Gitega, au la Muyinga ambako bidhaa za Tanzania hufika kwa njia ya Kobero, kutafuta kilichotumika. Si aibu. Chuma kizuri cha zamani hushinda kibaya kipya. Lakini kagua kabla ya kutoa faranga.

Spana ndiyo inayowapotosha wengi. Soma namba yake. Spana ya nusu inchi ni milimita 12.7, haiingii kwenye nati ya 13. Nayo ya 13 ukiitia kwenye nati ya nusu inchi huingia ikicheza, na mwisho huila nati pembe zake. Mdomo ukiwa umepanuka, iache.

Patasi yenye buluu kwenye makali imeunguzwa na mashine ya kunolea. Ugumu umekwisha hapo. Tupa ambayo meno yake yanang'aa imekufa, hata muuzaji aipake mafuta. Nyundo yenye ufa usoni huweza kurusha kipande machoni: usiichukue hata ya bure. Mpini usikutishe, huo huchongwa jioni moja.

Ukiona alama ya kiwanda imekwanguliwa, uliza chombo kimetoka wapi, na udai karatasi yenye jina la muuzaji na tarehe. Anayekutwa na chombo cha mwajiri akasema tu "nilikinunua sokoni" hasadikiwi.