Je, Wajua? Tairi la Mazda MX-5 Huzeeka Kabla ya Kuisha

Mazda MX-5 ilipozinduliwa Chicago mwaka 1989, ilifuata umbo la vigari vya wazi vya Uingereza vya miaka ya 1960, hasa Lotus Elan. Matairi yake yalikuwa membamba: 185/60 R14. Siku hizi wenye gari hilo wengi huhamia rimu za inchi 15 zenye tairi la 195/50, na hesabu inawaunga mkono. Kimo cha tairi la awali ni milimita 578 hivi, la pili 576, kwa hiyo spidomita haidanganyi. Kinachopungua ni ubavu, kutoka milimita 111 hadi 97 na ushee. Kwenye mashimo, mgongo wako utaijua tofauti hiyo.

Kuvalisha tairi pana kuliko hapo ni urembo tu, kwa maoni yangu. Toleo la kwanza halifiki hata tani moja. Ukilivika mipira minene, usukani unakuwa mzito na ule wepesi uliokufanya ulinunue unatoweka.

Kubwa zaidi ni umri. Gari la Jumapili hulala gereji wiki nzima, kashata zinabaki kama mpya huku mpira ukikauka na kupasuka nyufa nyembamba. Usiangalie kipara peke yake. Tafuta ubavuni herufi DOT, kisha tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuzaji akikuharakisha kabla hujazisoma, nenda duka la pili.