KIJANA WAKO KATIKA CHUMBA CHA KUPANGA

 Leo sitaanza na malaria wala kuhara. Nataka tuzungumze juu ya kodi ya nyumba. Najua utauliza, muuguzi ana nini na kodi? Kaa nami kidogo.

Siku moja alikuja nyanya mmoja akiwa amembeba mjukuu wa miaka miwili. Mtoto hakuwa akiongezeka uzito. Homa inakuja, inaondoka. Nikamwuliza nyanya, nani anakohoa hapo nyumbani? Akasema hakuna. Nikauliza, mtoto huyu alikuwa wapi kabla ya kuja kwako? Alikuwa Mombasa na baba yake, katika chumba kimoja walimokuwa wakilala watu wazima wanne. Na huko nani anakohoa? Hapo nyanya akanyamaza, kisha akasema, “Baba yake anakohoa tangu Pasaka, lakini ni vumbi la kazi.”

Halikuwa vumbi. Kilikuwa kifua kikuu, yaani TB, na mtoto naye alikuwa nacho.

Sisi watu wa Maungu tunaishi kando ya barabara kuu. Kila usiku malori yanapita kwenda Mombasa au Nairobi, na watoto wetu wakimaliza shule hufuata njia hiyo hiyo. Si jambo la leo. Wazee wetu walikwenda Mombasa kutafuta kazi bandarini na relini tangu enzi za mkoloni, na wafanyakazi wa Mombasa walipogoma Januari 1947, malalamiko yao yalikuwa pamoja na mishahara midogo na shida ya makazi. Tangu siku hizo, kijana anayeanza kazi mjini amekuwa akipambana na kodi.

Tupige hesabu. Tuchukue mfano wa kijana anayepata kibarua cha Sh 600 kwa siku, na kwa bahati anapata siku 20 kwa mwezi. Hiyo ni Sh 12,000. Chumba kimoja, tuseme, ni Sh 4,500. Maji na stima Sh 800. Nauli ya kwenda na kurudi kazini Sh 100 kwa siku, yaani Sh 2,000. Zinabaki Sh 4,700 za kula, kununua sabuni, kuweka pesa kwenye simu na kukutumia wewe mama kwa M-Pesa. Ukizigawa kwa siku 30, ni kama Sh 155 kwa siku. Na kabla ya kuingia alidaiwa kodi ya mwezi na depoziti kwa mpigo, kwa hiyo huenda alianza na deni. Wataalamu wa makazi husema kodi isizidi thuluthi moja ya mapato. Huyu ameshapita hapo, na bado hajaumwa.

Sasa afanye nini? Hupunguza mahali anapoweza. Hutafuta wenzake wagawane chumba. Hula mara moja kwa siku. Hupikia ndani ili asiibiwe jiko. Na akiugua hakai kliniki kusubiri, maana siku moja bila kibarua ni Sh 600. Basi kodi huingia mwilini kwa njia hizo.

Fikiria vyumba vyenyewe. Katika mitaa kama Majengo, Mombasa, nyumba za zamani za Kiswahili zina ujia katikati na vyumba huku na huku. Kila chumba kina mpangaji wake, na choo na uwanja ni vya wote. Kule Nairobi, mtaa wa Pipeline, ni maghorofa yaliyosongamana hata vyumba vingi vya chini havioni jua. Viini vya TB hutoka mtu anapokohoa, kupiga chafya au hata kuimba, na hubaki vikielea hewani kwa saa kadhaa kama chumba kimefungwa. Upepo huvitawanya na jua huviua. Kwa hiyo dirisha ni dawa ya bure, na ndicho kitu ambacho chumba cha bei ya chini mara nyingi hakina. Ongeza watu wanne waliolala njaa, mwili hauna nguvu ya kupigana.

Mama, kijana akikupigia simu, msikilize pia anavyopumua. Anakohoa kwa wiki mbili au zaidi? Anatoka jasho usiku hata kukiwa na baridi? Suruali inamlegea? Mwambie aende kituo cha serikali apimwe makohozi. Kupimwa na kutibiwa TB katika vituo vya serikali ni bure, na TB ya kawaida hutibiwa kwa muda wa miezi 6. Akisema atapoteza kazi, mweleze kwamba baada ya wiki chache za dawa sahihi uwezo wa kuambukiza wengine hupungua sana, na wengi hurudi kazini huku wakiendelea na dawa. Akishindwa na kodi na kurudi nyumbani kabla ya kumaliza, asiache dawa. Aombe barua ya uhamisho, aje amalizie kituo kilicho karibu nawe. Dawa zilizoachwa katikati ndizo huleta TB sugu, na matibabu yake ni magumu zaidi.

Na wenzake wa chumbani wapimwe pia. Hapa vijana hupata haya. Hawataki mwenye nyumba ajue, wasije wakafukuzwa.

La pili ni jiko la makaa, na hili nalijua kwa mwili wangu mwenyewe. Nilipokuwa nasomea uuguzi, mwenzangu na mimi tulipanga chumba kidogo mjini. Usiku mmoja wa mvua tulipika ndani, tukafunga mlango, na jiko tukaliacha na makaa mekundu ili tupate joto. Niliamka kichwa kikinigonga kama nyundo, miguu haina nguvu, mwenzangu anatapika. Jirani ndiye aliyesukuma mlango. Tulikuwa wanafunzi wa uuguzi, mjue, na mambo hayo tulikuwa tumefundishwa darasani!

Makaa yanapowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. (Hapa kwetu neno kaboni tumelizoea kwa sababu ya mradi wa msitu wa Kasigau. Hii ni kitu kingine.) Haina harufu wala rangi, na hutoka hata kama moshi umekwisha. Huchukua nafasi ya hewa safi kwenye damu, kwa hiyo mtu huhisi kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, halafu usingizi. Huo usingizi ndio huua. Miezi ya baridi, kuanzia Juni hadi Agosti, ni ya hatari zaidi Nairobi. Mwambie kijana wako jiko lipikiwe nje au mlangoni, na wakati wa kulala libaki nje, hata kama ataliibiwa. Akimkuta mtu amezirai kwenye chumba chenye jiko, afungue mlango, amtoe nje kwenye upepo, kisha ampeleke hospitali haraka.

La tatu nitalisema taratibu, watoto wakiwa wamelala. Binti anayedaiwa kodi hupata watu wengi wa kumsaidia. Mmoja atalipa chumba, naye atataka malipo yake. Wapo mabinti wanaoshindwa kukataa, au kudai kondomu, kwa sababu funguo ziko kwa huyo mwanamume. Usianze kwa kumtukana. Mwulize kodi imelipwaje, na umwache aeleze. Ajue kwamba akilazimishwa, au kondomu ikipasuka, kuna dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI ambazo lazima zianzwe ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na humezwa kwa siku 28. Ajue pia kwamba mlango wa nyumbani uko wazi. Wengine hukaa kwenye mateso kwa sababu waliondoka kijijini kwa kujigamba.

Chakula nitapita haraka. Kama ndovu wamekubakizia kitu shambani, mfungie kijana wako pojo, kunde na unga, umpe mtu wa matatu unayemwamini. Kilo mbili za pojo zitamsaidia kuliko Sh 200, ambazo pengine zitaishia kwa mwenye nyumba.

Huzuni pia ni ugonjwa. Kijana aliyekuwa akipiga simu kila Jumapili sasa amezima, halali, hali, anasema hana maana duniani. Usimwambie ajikaze. Mtafute, au mtume ndugu aliye karibu akamwone kwa macho, na akitaja kifo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake.

Narudi kwa nyanya zetu. Vijana wengi, kodi ikiwashinda, humleta mtoto Maungu kwanza, wenyewe wakabaki mjini. Ukipokea mjukuu namna hiyo, usingoje augue. Uliza kitabu chake cha afya ya mama na mtoto kiko wapi. Kama kimebaki mjini, waambie wakitume. Njoo naye kliniki tumpime uzito, tuangalie kama amepata chanjo ya surua ya miezi 9 na ile ya miezi 18, na matone ya vitamini A ya kila miezi 6. Na utuambie bila kuficha alikolala na aliolala nao. Mtoto wa chini ya miaka 5 aliyeishi na mgonjwa wa TB anahitaji kuchunguzwa hata kama hakohoi, maana kwa watoto wadogo TB mara nyingi huanza kwa kukosa uzito tu. Akionekana hana ugonjwa, kuna dawa za kinga atakazopewa.

Yule mjukuu niliyewaambia alimaliza dawa zake. Baba yake alihamishiwa huku, akamalizia zake kwa mama yake, kisha akarudi Mombasa. Safari hii alitafuta chumba chenye dirisha. Anakilipia Sh 700 zaidi, na bado ananung’unika.