Faili Linalojua Limeitwa na Nani

Julai ni mwezi wa makoti Sumbawanga. Mji umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, mita zipatazo 1,800 kutoka usawa wa bahari, Ziwa Tanganyika likiwa chini upande wa magharibi na Ziwa Rukwa chini upande wa mashariki, na mgeni aliyepanda basi Dar es Salaam na shati la mikono mifupi huteremka akijikunyata. Ndio msimu ambao mahindi yametapakaa kila mahali: kwenye maturubai uani, kwenye magunia barazani, kwenye malori yanayosubiri safari ya Tunduma. Na swali linalozunguka ni moja tu. Yamekauka?

Wapo wanaoyang'ata. Punje kavu hupasuka kwa mlio, mbichi hubonyea. Wapo wanaotia punje pamoja na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, wakatikisa, wakaitazama chupa: chumvi ikishika kwenye kioo, unyevu bado umepita asilimia 15. Mwenye kipima unyevu husoma namba moja kwa moja, na mnunuzi anayefuata kiwango cha Afrika Mashariki hataki izidi asilimia 13.5.

Namba hiyo huzaa hesabu ambayo wengi huikosea. Tani moja ya mahindi yenye unyevu wa asilimia 18, ikianikwa hadi ifike 13.5, itabaki kilo ngapi? Jibu la haraka ni kutoa 13.5 kwenye 18, ikabaki 4.5, kisha kupunguza asilimia hiyo kwenye tani, basi kilo 955. Sivyo. Kinachopungua ni maji peke yake. Sehemu kavu ya punje, ambayo ni kilo 820, haigusiki. Kilo hizo 820 sasa ni asilimia 86.5 ya uzito mpya, kwa hiyo uzito mpya ni 820 kugawanya kwa 0.865, yaani kilo 948. Tofauti ya kilo saba si kitu kwa mtu mwenye tani moja. Kwa lori la tani 30 ni zaidi ya kilo 200, magunia mawili yaliyoyeyuka kwenye karatasi kabla hata ya kuingia ubishi wa lumbesa.

Hesabu ya namna hii ndiyo inayomfaa mtu anayejifunza kuandika programu, kwa sababu ni fupi na ina mwenyewe anayeihitaji. Kwa lugha ya Python, inaenea kwenye faili moja dogo. Tuliite unyevu.py:

import sys

def kilo_baada(kilo, unyevu, lengo=13.5):
    return kilo * (100 - unyevu) / (100 - lengo)

if __name__ == "__main__":
    kilo = float(sys.argv[1])
    unyevu = float(sys.argv[2])
    print(round(kilo_baada(kilo, unyevu)))

Anayeandika python unyevu.py 1000 18 kwenye terminali anajibiwa 948. Mistari miwili iliyoanza na def ndiyo yenye hesabu. Mitatu ya mwisho kabisa hupokea namba za mtumiaji na kumpa jibu. Kati yake upo mstari wenye vistari vya chini mbele na nyuma ya neno, na huo ndio humfanya mwanafunzi wa wiki ya kwanza amwangalie mwalimu kwa shaka. Wengi huunakili tu, kama dua isiyojulikana maana.

Maana yake inaanzia kwenye tabia ya lugha yenyewe. Python ni lugha ya kufasiriwa. Mwandishi haanzi kwa kuligeuza faili lake kuwa programu kamili iliyofungwa. Analikabidhi kwa mkalimani, naye hulitekeleza kutoka juu kwenda chini. Kwa ndani huligeuza kwanza kuwa msimbo wa kati, lakini hilo halimsumbui mtumiaji. La kushika ni kwamba kila mstari ni tendo. Hata neno def ni tendo: "weka hesabu hii, ipe jina hili."

Sasa tuseme faili la pili, bei.py, linapanga bei ya shehena na linahitaji hesabu ya unyevu. Hakuna haja ya kuiandika upya. Mstari mmoja, import unyevu, unatosha. Lakini kuingiza faili maana yake ni mkalimani kulipitia lote, juu hadi chini. Kama ule mstari wa vistari haupo, faili la unyevu litaanza kudai kilo na asilimia ambazo hakuna aliyeziandika, na programu ya bei itaanguka kabla haijataja hata shilingi moja. Au baya zaidi: itakuta namba zilizokusudiwa kwa bei, izidhanie kuwa ni za unyevu, na iendelee kwa utulivu kabisa.

Dawa ni jina. Kila faili linapopakiwa, Python hulivika jina ndani ya kigezo kiitwacho __name__. Likiwa limeingizwa na faili jingine, jina ni lake la kawaida, "unyevu". Likiwa ndilo lililoanzishwa na mtumiaji, jina hubadilika kuwa "__main__", yaani mwenye shughuli. Si ajabu kwa Mswahili. Mwanamke yuleyule ni Mama Neema akiwa uani kwake na ni Mwalimu akivuka geti la shule; akiitwa Mwalimu anashika chaki, akiitwa Mama Neema anauliza nani ameacha mlango wazi. Faili nalo linatazama limeitwaje, ndipo linajua lifanye kazi yote au litoe maarifa yake na kunyamaza.

Ufipa ina mfano wake, mkongwe kuliko kompyuta yoyote. Wafua chuma wa uwanda huu walitumia matanuru ya aina mbili. Malungu yalikuwa marefu, yakifika mita tatu, na yalijivutia hewa yenyewe kupitia matundu ya chini. Yakishawashwa hayakuhitaji mtu wa kuvukuta. Vintengwe vilikuwa vidogo, vilipokea chuma ghafi kutoka malungu ili kukisafisha, na havikuwaka vizuri bila mivukuto na mikono ya watu. Moja linajiendesha, jingine linaendeshwa. Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wa Tanzania, ndiye aliyechambua kwa kina historia ya matanuru ya eneo hili. Python imefanya kitu ambacho wafua chuma hao hawakukihitaji: imeviweka vyote viwili ndani ya tanuru moja.

Aliyeianza lugha hiyo ni Mholanzi, Guido van Rossum, wakati wa likizo ya Krismasi ya mwaka 1989, akiwa mfanyakazi wa kituo cha utafiti cha CWI mjini Amsterdam. Toleo la kwanza la hadharani, 0.9.0, lilitoka Februari 1991. Jina alilichukua kwa wachekeshaji wa Kiingereza, Monty Python, wala hakuwa na chatu akilini, ingawa nembo ya leo ina nyoka wawili na hakuna atakayewaondoa. Mstari wa vistari haukupendwa na kila mtu. Mwaka 2002 lilitolewa pendekezo, namba 299, kwamba uachwe na mahali pake pawe na fanksheni maalumu ya kuanzia kazi, kama ilivyo katika lugha ya C. Likakataliwa. Mstari ukabaki, na ubaya wake ukabaki nao.

Hatua iliyofuata ilikuwa na manufaa zaidi. Toleo la 2.4, Novemba 2004, lilileta swichi ya herufi moja, -m. Kwa swichi hiyo mtumiaji hatafuti tena faili liko kwenye folda gani. Anataja jina la moduli, na Python hulitafuta yenyewe kisha huliendesha kama programu kamili. Nick Coghlan wa Australia akaandika pendekezo namba 338, lililoiwezesha swichi kufika hadi kwenye moduli zilizofungwa ndani ya vifurushi, nalo likaingia katika toleo la 2.5 la mwaka 2006.

Faida yake inaonekana zaidi mahali ambapo bando ni ghali na mtandao unakatika. Python husafiri na maktaba nzima, na moduli nyingi za maktaba hiyo ni zana tayari, zimekaa kimya zikingoja kuitwa. Andika python -m calendar 2026 na kalenda ya mwaka mzima inamwagika kwenye skrini. python -m json.tool hupanga data iliyochafuka ikasomeka. python -m zipfile hufungua kifurushi hata kwenye kompyuta isiyo na programu ya kazi hiyo. python -m venv hutenga chumba cha mradi mmoja ili maktaba zake zisigombane na za mradi mwingine. Hata hesabu ya unyevu hujibu ikiitwa hivyo: python -m unyevu 1000 18.

Aliye na safari ya Mbeya au Dar es Salaam anaweza pia kutumia python -m pip download kuchukua maktaba za ziada, kuzitia kwenye flashi, na kuzisakinisha Sumbawanga bila intaneti, mradi kompyuta ya huku na ya kule ziwe na Python na mfumo vinavyolingana.

Lakini mfalme wa zana hizi ni python -m http.server. Amri hiyo moja huigeuza folda iliyofunguliwa kuwa tovuti ndogo, kwenye mlango namba 8000. Mwalimu mwenye kitabu cha PDF cha megabaiti 80 na wanafunzi 40 hana haja ya kumwambia kila mmoja akipakue upya. Anawasha hotspoti ya simu, anaunganisha laptop, anaandika amri, na wanafunzi, kwa zamu, wanafungua anwani ya laptop hiyo kwenye vivinjari vyao. Kitabu hakitoki nje ya chumba, kwa hiyo hakigusi bando. Hata laptop si lazima: programu ya Termux huiwezesha simu ya Android kuendesha Python na kufanya kazi ileile.

Mitego ipo. Swichi ya -m huanza kutafuta kwenye folda aliyosimama mtumiaji, na ndiyo sababu anayeliita faili lake la mazoezi calendar.py hushangaa kalenda imegoma: amemwita jirani wa karibu badala ya fundi aliyemkusudia. Hapa mwandishi wa Kiswahili ana kinga asiyoijua, kwa kuwa maktaba ya Python imepewa majina ya Kiingereza, na faili liitwalo kalenda.py halimzuii mtu njia. Mtego mwingine uko kwenye Windows. Programu inayogawa kazi kwa vichakato kadhaa hulipakia faili kuu upya kwa kila kichakato, na bila ule mstari wa vistari kila kichakato kingetaka kuzaa vingine. Python huzuia na kutoa kosa refu la kutisha.

Waliokutana Zanzibar Novemba 2023, kwenye mkutano wa kwanza wa DjangoCon Africa, wanaufahamu mstari huo hata kama hawajawahi kuutafakari. Django, zana ya kujengea tovuti kwa Python, huzaa kila mradi mpya ukiwa na faili liitwalo manage.py, na mwishoni mwake, neno kwa neno, mstari umo.

Kuhusu ile tovuti ya darasani, waandishi wa Python wenyewe wanaonya isitumike kwa huduma ya umma. Haina nywila. Kila kilichomo kwenye folda huonekana na yeyote aliye kwenye mtandao uleule, hivyo mwalimu makini hutengeneza folda mpya, huweka kitabu peke yake, na huiwasha kutokea humo, si kutokea kwenye folda yenye mitihani ya muhula ujao. Kila mwanafunzi anapopakua, mstari mmoja huongezeka kwenye skrini ya mwalimu: saa, anwani ya simu, jina la faili. Mistari ikishatulia anabonyeza Ctrl na C kwa pamoja. Tovuti imefungwa.