Kumlikiza Kinda wa Njiwa

Njiwa ni ndege wa nyumbani apendwaye na watoto kwa upole wake. Yatokea mara nyingine mwewe au paka akawanyakua wazazi, kinda akabaki peke yake kiotani. Mwenye huruma humtwaa na kumlisha kwa mkono, na baada ya majuma machache kinda huota manyoya na kunenepa. Lakini hatari haijaisha. Aliyepona siku za uchanga aweza kufa wakati wa kulikizwa, yaani kuachishwa kulishwa ili ajilie punje mwenyewe. Na chanzo huwa ni haraka ya mfugaji.

Kwa njiwa neno kulikiza lina maana hasa, kwa kuwa ndege huyu ana maziwa yake. Mayai, ambayo kwa kawaida ni 2, huatamiwa kwa muda wa siku 17 hadi 19. Makinda wakisha kuanguliwa, baba na mama wote wawili huwalisha uji mzito mfano wa jibini laini, utokao katika kifuko cha koo. Siku 3 au 4 za kwanza hawapewi kitu kingine. Kisha wazazi huuchanganya na punje zilizolainika; punje huzidi, uji hupungua, hata baada ya majuma 4 hivi kinda huanza kujitegemea. Wazazi hawamkatizi kwa siku moja. Mfugaji naye na afuate mfano huo, wala asidhani kwamba maziwa ya ng'ombe yatafaa, maana ndege hawezi kuyasaga tumboni.

Kinda akitimiza majuma 3, na awekewe mtama, mawele au mahindi yaliyovunjwa katika kisahani. Mfugaji agongegonge punje kwa ncha ya kidole, kama njiwa mkubwa adonoavyo. Njiwa hanywi kama kuku ainuaye kichwa, bali huzamisha mdomo na kufyonza maji. Kwa hiyo bakuli liwe na kina cha kutosha, na mdomo wa kinda uchovywe polepole pasipo kuzamisha matundu ya pua.

Hapa ndipo wengi hukosea. Kinda huokota punje, huichezea, kisha huitupa. Mfugaji aonapo hivyo hufurahi na kuacha kumlisha, kumbe kudonoa si kumeza. Wala makelele si kipimo, kwani kinda hulia na kupigapiga mabawa hata akiwa ameshiba. Kipimo cha hakika ni kifuko cha koo. Kila jioni kiguswe taratibu kwa vidole: kikiwa na punje, amekula, kikiwa kitupu, apewe njegere laini zilizochemshwa na kupoa, moja moja, mpaka ashibe, asilale na njaa.

Karani aliye na mizani ya barua ana msaada mkubwa. Kinda apimwe kila asubuhi kabla ya kula, na uzito uandikwe. Ukipungua siku baada ya siku, au kinyesi kikiwa kichache, cha majimaji na rangi ya majani mabichi, hizo ni dalili za njaa, naye arudishiwe kulishwa bila kukawia. Mambo yakienda vyema, mlo wa mchana uachwe kwanza, kisha wa asubuhi; wa jioni uwe wa mwisho kuachwa.

Mwalimu aliye bora kuliko kidole ni njiwa mwenzake. Kinda akiwekwa katika tundu karibu na wakubwa, huwatazama wakila na kuwaiga, nao hawawezi kumdonoa. Akiisha kujilia punje, apewe na changarawe ndogo za kusaidia firigisi kusaga.

Siku kadhaa mfululizo zikipita koo limejaa bila msaada wa mkono, na uzito haupungui, kazi imekwisha. Haba na haba hujaza kibaba; na kifuko cha koo la kinda hujaa vivyo hivyo, punje kwa punje.